Mgeni Katika Mlima wa Baba Yangu

Naandika haya nikiwa nimerudi kwenye cherehani yangu, Homa Bay mjini, na nywele zimeota tena, ingawa zimerudi na mvi ambazo hazikuwepo zilipoondoka. Mwaka huu wanawake wawili wamekuja dukani kwangu, wala si kushonewa. Walikuwa wamesikia kwamba fundi wa yunifomu aliugua kansa ya titi na bado anatembea, wakataka kujua alifanyaje. Wa kwanza nilimweleza mpaka chai ikapoa. Wa pili alipokuja nikaona heri niandike, maana kuna mambo huwezi kuyasema mbele ya mteja anayengoja kupimwa suruali.

Nyumbani tunaongea Dholuo, yaani Kijaluo. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu wengi wa wale niliokaa nao hospitali walikuwa Wakuria, na hii ndiyo lugha tuliyolilia pamoja. Ugonjwa wenyewe sitauchambua. Hayo waulizeni madaktari, wanalipwa kwa hiyo kazi.

Uvimbe niliuona mwezi wa Desemba nikijipima gauni la kwaya. Desemba na Januari fundi wa yunifomu hali wala halali, kila mzazi anakumbuka sweta siku ile ile, kwa hiyo nikajiambia nitaenda hospitali shule zikifunguliwa. Zikafunguliwa, nikaenda. Wewe unayesoma, usingoje shule zifunguliwe.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba ugonjwa huu ni kazi ya kukaa kwenye benchi. Kuna benchi la kupigwa picha, benchi la kutolewa kipande cha nyama cha kupimwa, benchi la majibu, na benchi la kuambiwa daktari wa majibu leo hayupo. Nilijifunza kubeba leso mbili, moja ya kukalia na moja ya kujifunika, kwa sababu yale mabenchi asubuhi ni baridi na mchana watu wamebanana mpaka hupumui. Nilijifunza pia kutokaa karibu na mtu anayejua kila kitu. Kila chumba cha kungojea kina mmoja, na shangazi yake daima alikufa na ugonjwa kama wako.

Februari nilipasuliwa Kisumu, titi la kushoto likatolewa lote. Niliporudi nyumbani nilifunga mlango, nikachukua tepu na kujipima kama ninavyompima mteja yeyote. Nimepima wanawake kwa miaka mingi na sijawahi kukutana na vipimo kama vile. Nililia kidogo, kisha nikaanza kufikiri kama fundi. Nilishona kifuko cha pamba cha kuvaa mahali pa titi, nikakijaza mchele, kikawa kigumu. Kunde zikaonekana chembe chembe chini ya blauzi. Mwishowe nafaka ya wimbi ndiyo ikafaa, inalala vizuri kifuani na uzito wake ni sawa, ila uitoe na kuianika jua likiwaka, la sivyo itaota. Ninawashonea wanawake wengine sasa. Njoo tu, usione haya.

Kemo ya kwanza, dawa kali ya dripu, niliwekewa hapa Homa Bay mwezi wa Machi, masika yakianza. Nilikuwa nikiishi chumba kimoja nyuma ya duka langu. Kwetu mgonjwa haachwi peke yake, anayeachwa peke yake ni yule aliyetupwa, basi wakaja. Walikuja watu wa kanisa, wateja, watu wa chama, na watu niliosoma nao darasa la nne. Wakakaa kitandani kwangu, wakaimba, wakaomba, wakaniangalia kama wanunuzi wanavyomwangalia ng'ombe aliyekonda. Na jirani yangu mlango wa pili alikuwa akikaanga samaki wa kuuza. Miaka yote harufu ile ilikuwa harufu ya chakula. Baada ya kemo ikawa inaniingia tumboni na kunigeuza kama soksi. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia mtu aache biashara yake, wala wa kuwaambia waombaji waende nyumbani.

Ndugu yangu Ouma ndiye aliyeniona hivyo akasema nipande mlimani kwake, kwenye nyumba ya wageni.

Hapa inabidi nieleze shamba letu. Babu yangu alipanda ule mlima juu ya Karungu kabla baba yangu hajazaliwa, akiwa na wake wawili na ng'ombe, akaukata kwa ngazi za mawe ili udongo usishuke ziwani. Kuta zake bado zimesimama, na mikaratusi aliyopanda sasa mtu mmoja hawezi kuikumbatia. Sisi tulikua tukijikwaa kwenye yale mawe na kuyatukana. Ouma alipotoka Nairobi, alikofanya kazi hotelini, akajenga nyumba ya mbao mahali palipokuwa zizi la babu, juu kabisa, mbali na boma. Ina chumba kimoja, bafu na baraza inayotazama ghuba. Akaweka picha kwenye simu na maneno kwamba ni shamba la kihistoria la ukoo, pahali pa faragha. Tulicheka sana. Hatukujua kujikwaa ni historia. Lakini watu wakaja, wa kutoka Nairobi na hata wazungu, wakalipa ili wakae mahali ambapo sisi tulipatoroka.

Sasa, mimi ni binti aliyeolewa akaachana na mume. Nilikuwa nimeolewa kule Awendo, nikazaa msichana mmoja, Lavender, ambaye wakati huo alikuwa shule ya bweni kidato cha tatu. Mume akaoa mwingine, tukashindwana, nikaondoka nikaja mjini na cherehani. Kwa maisha ya mjini hilo si tatizo. Kwa Mjaluo ni tatizo siku ukiugua. Binti aliyerudi hajengewi nyumba ndani ya boma la baba yake. Akija kutembea, analala jikoni kwa mama yake siku mbili tatu anaondoka. Na akifa, hazikwi ndani. Anazikwa nje ya ua, kule ng'ombe wanakopita, kama mtu asiye na mwenyewe. Nimeona kaburi la namna hiyo kwa jirani zetu nikiwa mdogo, mahindi yamepandwa juu yake.

Kwa hiyo Ouma aliposema nipande mlimani, Waya akaitisha kikao. Waya ni dada mkubwa wa baba, na hakuna kinachofanyika kwetu bila yeye kukikataa kwanza. Alitaka kujua kama nikizidiwa nikafia huko nitahesabiwa nimefia wapi. Ouma akajibu kwamba ile nyumba iko nje ya ua, ni ya biashara, na hulala hata Wajerumani. Kama Mjerumani angefia pale, nani angesema amefia kwa baba yake? Watu wakafikiri. Mila zetu zimefikiria karibu kila kitu, lakini hazikufikiria nyumba ya kukodisha kwa watu wa Nairobi. Waya akasema basi niwe mgeni kabisa: nilipe kitu, nipite njia ya wageni inayozunguka nyuma ya mlima, nisipite lango la boma. Baba yangu alikaa kwenye kiti chake kikao chote na hakusema neno. Kukubali kwake kulikuwa kunyamaza, na kukataa kwake pia kulikuwa kunyamaza, kwa hiyo hatukujua.

Nililipa kwa mapazia. Nilikata na kushona mapazia ya madirisha yote na vifuniko vya vitanda kabla ya kemo ya pili, nikiwa bado na nguvu, na Ouma akaandika kwenye simu kwamba nyumba imechukuliwa. Aprili nikapanda kwa njia ya wageni, mgeni kwenye mlima nilikozaliwa.

Hewa ya juu ilinifaa. Naomba niliseme hilo wazi, maana nilipata na mabaya kule, lakini hewa ilinifaa. Hakukuwa na harufu ya samaki wala ya mtu. Mvua ilipiga mabati mpaka huwezi kujisikia ukifikiri, na hilo pia ni dawa. Kila wiki ya tatu Ouma alinishusha na pikapu yake mpaka Homa Bay, nikawekewa dripu, akanirudisha jioni na karai miguuni. Siku tano baada ya kemo nilikuwa mtu wa kitandani. Maji yalikuwa na ladha ya msumari. Mama alipanda asubuhi na uji wa wimbi wenye limau, ndicho kitu pekee kilichokaa tumboni. Alikuwa akigonga mlango. Mama yangu mzazi akigonga mlango, anangoja aitwe, kwa sababu Waya alisema niwe mgeni. Siku ya kwanza tulicheka. Baada ya hapo hatukucheka, ila aliendelea kugonga.

Nywele zilitoka baada ya kemo ya pili, zikabaki kwenye mto kama manyoya ya kuku. Nikamwomba Mama aninyoe kilichobaki. Akakataa, akaweka wembe mezani na kurudi nyuma. Kwetu watu hunyolewa baada ya mazishi. Akasema hawezi kumnyoa mtoto wake ambaye yuko hai. Sikumlaumu. Aliyeninyoa ni Bhoke, hospitalini, kwenye choo cha wanawake, kwa mashine aliyoazima kwa mtu.

Bhoke alikuwa Mkuria wa Kegonga, mkulima wa mahindi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alikaa kwa dada yake Homa Bay ili awe karibu na dawa, na siku zetu ziligongana tangu kemo ya kwanza. Sista akichelewa na dripu, Bhoke alimwita kwa jina la mama yake, kama anayetaka kumshtakia. Alikuwa akileta ndizi za kuchemsha za kugawia chumba kizima, hata wale wasioweza kula, akisema shika tu, utaila na macho. Nilimweleza habari za nyumba ya wageni, njia ya kuzunguka na kaburi la nje ya ua. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nyinyi Wajaluo hamuogopi kufa," akasema. "Mnaogopa tu mahali mtazikwa. Mimi wanizike hata nyuma ya choo, bora choo isiwe imejaa."

Chumba kizima kilicheka, hata mzee mmoja aliyekuwa akiingojea dawa yake amefumba macho. Mimi pia nilicheka, lakini niliporudi mlimani nikaona halikuwa jambo la kucheka kwangu. Nilikuwa nikilala kwenye baraza jioni nikiangalia boma chini, nyumba ya Mama, paa la jikoni, ua wa minyaa unaolizunguka. Mzee, baba yangu, alikuwa akipita na ng'ombe wake nje ya ua. Alikuwa akisimama, anatazama juu kwangu, mkono juu ya macho, kisha anaendelea. Hakuwahi kupanda. Nilihesabu kwamba ameona aibu. Binti mgonjwa asiye na mume ni mzigo ambao hata ukiuweka chini watu wanauona.

Mwezi wa Mei kukatokea mkanganyiko. Simu ya Ouma ilikosea, au Ouma mwenyewe alikosea, na mume na mke kutoka Nairobi wakafika na mabegi yao kwenye baraza wakanikuta mimi, kipara, na karai. Ouma alitaka kuzama ardhini. Nikamwambia awaweke kwa jirani, na kwamba nitawatembeza shambani kama walivyoahidiwa, kwa sababu siku hiyo nilikuwa na nguvu kidogo na nilichoka kutazamwa kama maiti. Nikawaonyesha ngazi za mawe za babu. Katikati ya maelezo nikatapika ukutani. Yule mwanamke akanishika mabega mpaka nikamaliza, bila kusema pole, bila kuuliza, akanipa maji. Kisha, kama anayeendeleza mazungumzo, akaniuliza, "Kwa hivyo hapa ni kwenu?"

Nikasema ni kwa baba yangu. Akasema si ni kitu kimoja tu. Walipoondoka nilikaa kwenye ule ukuta mpaka jua likazama, nikijionea huruma, kitu ambacho siwashauri lakini wakati mwingine huwezi kukiepuka.

Baada ya kemo ya nne mambo yakaharibika. Siku ya kemo ya tano ilipofika tulishuka, wakanipima, wakasema damu iko chini, nirudi wiki ijayo. Nikarudi wiki ijayo, bado. Wakati huo kucha zilikuwa nyeusi, miguu imekufa ganzi, na hata kupanda ngazi tatu za baraza nilihitaji kupumzika. Ilikuwa Juni, baridi na ukungu, ziwa halionekani. Nilimwambia Ouma asinishushe tena. Sikusema nataka kufa. Nilisema tu nimechoka kushuka. Mgonjwa akikuambia hivyo, jua anachosema.

Ouma akamwambia Mama, Mama akamwambia Waya, na Waya akafanya alichoona ni cha busara. Akapanda gari mpaka Awendo.

Wiki hiyo hiyo baba Lavender akaja mlimani, pamoja na baba yake mdogo, wamevaa makoti. Nataka kuwa mwadilifu kwake. Si mtu mbaya. Aliona kipara changu akatazama chini, akalia kidogo, na machozi yalikuwa ya kweli. Akasema yaliyopita yamepita, mimi bado ni mama wa mtoto wake, na kwamba wamekubaliana kunijengea nyumba kwenye boma lake, upande wa mke wa kwanza, mahali pangu. Mabati yameshanunuliwa. Vijana wakianza asubuhi, jioni nyumba imesimama.

Mjaluo yeyote anajua nyumba inayosimama kwa siku moja ni ya nini. Mke hazikwi mahali asipokuwa na nyumba.

"Unanijengea nyumba au kaburi?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Vyote," akasema. "Lakini nyumba kwanza."

Nitawaambia ukweli: nilitaka kwenda. Sikumpenda tena, wala mke wake sikuwa na hamu ya kumwona, lakini nilisikia utulivu kama mtu aliyepata kiti baada ya kusimama kutwa. Ningekuwa na mlango na jina. Lavender angeweza kuonyesha mahali na kusema mama yangu yuko hapa. Nilikuwa karibu kabisa kusema ndiyo. Nikauliza tu, kama mtu anayepanga safari, itakuwaje na kemo mbili zilizobaki, maana kutoka Awendo pia tunaweza kufika Homa Bay.

Baba Lavender akamtazama baba yake mdogo. Yule mzee akakohoa.

"Mama," akasema kwa upole, "dawa si umeshapata za kutosha?"

Hakukusudia ubaya. Lakini hapo ndipo nilipoona kwamba katika mpango wao wote, uliopangwa vizuri hata misumari, hakukuwa na mahali ambapo mimi naishi. Walikuwa wamekuja kumchukua marehemu. Hasira ikanipanda, hasira ya kwanza baada ya miezi, na ilikuwa tamu kuliko uji. Niliwashukuru. Nikawaambia warudishe mabati dukani kama bado wana risiti, au wamjengee ng'ombe. Waliondoka kwa njia ya wageni.

Nikamtuma Mama kwa Mzee amwambie kwamba nimekataa Awendo, na kwamba nataka kujua yeye anasemaje. Sikuuliza moja kwa moja ningezikwa wapi, lakini hakuna mtu katika boma lile ambaye hakujua swali ni hilo. Mama akashuka. Nikamwona akiongea naye kwenye ua, Mzee ameegemea fimbo. Akapanda tena, akagonga, nikamwita aingie.

"Amesema amesikia," Mama akasema.

"Basi?"

"Basi."

Ile "amesikia" iliniuma kuliko kisu cha Kisumu. Nilijua sasa kwamba sina Awendo na sina hapa. Nimebaki na kitu kimoja tu, nacho ni kutokufa. Jumatatu nikamwambia Ouma awashe pikapu. Nilikuwa nimekula maini na mboga za sukumawiki na kunde hata nilipotapika nikala tena, kwa ubishi, na walipopima damu ilikuwa imepanda. Wakaniwekea ya tano. Mwisho wa Julai wakaniwekea ya sita.

Kwenye ya sita kiti cha Bhoke kilikuwa na mtu mwingine. Nilimuuliza sista, akaniambia amerudi kwao. Nikapiga simu yake, ikapokewa na mume wake, akaniambia walimzika Jumamosi iliyopita, shambani, karibu na mahindi. Alikuwa mtu mpole. Akaniuliza kama mimi ndiye yule Mjaluo wa mlimani, kwa sababu Bhoke alikuwa akimsimulia habari zangu na kucheka. Nikamwambia ndiye. Dawa yangu ya sita niliimaliza nikiwa nimefunika uso na leso, na sista akazima taa ya upande wangu bila kuombwa. Mpaka leo nikiona ndizi za kuchemsha namkumbuka, na bado siwezi kuzila.

Agosti yote na nusu ya Septemba nilikuwa Kisumu nikipigwa mionzi. Kuhusu hilo niseme tu: vaa pamba, usipake kitu ambacho hawajakuambia, na uwe tayari kwa ngozi kuwa kama ya kuku aliyebabuliwa. Ni kazi ya kila siku na inachosha, lakini haiogopeshi kama kemo. Mwisho wake daktari aliangalia picha zangu muda mrefu, akasema kwa sasa haoni kitu. Nikamwomba arudie. Akarudia. Ninakwenda kuonwa na daktari kila baada ya miezi mitatu na tangu siku mbili kabla nashona na kufumua kitu kile kile. Hilo halijaisha na sitawadanganya kwamba linaisha.

Nilirudi mlimani kuchukua vitu vyangu, kwa maana Ouma alikuwa amepata wageni wa wiki iliyofuata. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Nilikuwa nikikunja blanketi nikasikia mtu anakohoa njia ya wageni. Alikuwa Mzee, peke yake, na fimbo, anahema. Hakuingia. Akaniambia niache hizo blanketi, nimfuate.

Tulishuka, yeye mbele. Alinipitisha lango la boma, mbele ya Waya aliyekuwa akichambua mboga na ambaye alifungua mdomo kisha akaufunga. Tukazunguka nyumba ya Mama mpaka nyuma, ndani ya ua, mahali alipozikwa nyanya yangu. Pembeni mwa kaburi la nyanya palikuwa na kipande cha ardhi kilichosafishwa vizuri, mawe yametolewa na kupangwa ukingoni. Mzee akaelekeza fimbo.

"Hapa ndipo ningekulaza," akasema.

Akaeleza, polepole, kama anavyoeleza habari za ng'ombe. Alikuwa ametoa mawe mwenyewe mwezi wa Aprili, wiki niliyopanda. Alikuwa amemwambia Ouma na kumwapisha asiseme. Alikuwa amemwambia kwamba siku ikifika, wachimbe hapa na si nje, na kama Waya atalala shimoni kuwazuia, wamtoe, wachimbe.

Nikamuuliza, na mila?

"Nimezifuata zote tangu nizaliwe," akasema. "Zingenisamehe moja."

Nilisikia furaha, halafu ikaja hasira juu yake. Nikamwambia kwamba nilikaa miezi yote ile nikiangalia boma hili kama mtu wa kutupwa, kwamba nilikuwa karibu kwenda Awendo kulala katika nyumba ya siku moja, kwamba nilimtuma Mama aniletee neno moja na hakuniletea. Kwa nini hakuniambia?

Mzee hakunitazama. Alikuwa akitazama ule udongo.

"Mtu akionyeshwa kitanda, usingizi humjia," akasema. "Nilitaka ukose pa kulala."

Nililia pale pale, nimesimama, kwa sauti, kama sikuwahi kulia kwenye benchi lolote. Mzee alingoja kidogo. Kisha akanigusa kiwiko na mwisho wa fimbo, akaniambia nisogee pembeni, Mama ameshapanda njugu hapo na zimeanza kuota.